Mvinyo Mzito wa Dodoma, Nyanya za Ilula

Mhadhara kwa wakulima na wanafunzi wa Ilula, Wilaya ya Kilolo, Mkoa wa Iringa

Vijana mliokaa nyuma karibu na mlango ili mhadhara ukichosha mtoke bila kuonekana, nimeshawaona.

Najua humu ndani wako wanaokunywa na wasiokunywa: Waislamu, walokole, na wale ambao daktari amewakataza. Sitamimina chochote leo wala sikuja kumshawishi mtu. Nimekuja kuzungumza kilimo na biashara. Mvinyo mwekundu mzito, hata ule unaouzwa kwa bei ya ng'ombe katika hoteli za Ulaya, umeanzia shambani kama kitunguu cha Ruaha Mbuyuni. Kuna mtu aliyeshika jembe, aliyenunua dawa, na aliyekosa usingizi akiwaza bei.

Nchini kwetu mahali unapolimwa ni Dodoma, na Dodoma ni jirani yetu kuliko tunavyofikiri. Ruaha Mdogo unaopita chini ya mji wa Iringa hupeleka maji yake hadi Bwawa la Mtera. Ukifuata njia hiyo kwa basi, ukavuka Mtera, ukapita Fufu na Manzase, basi kabla hujaingia mjini utaiona mizabibu kandokando ya barabara ya Iringa: Mpunguzi, Matumbulu, Bihawana. Watu wa huko watakusalimu "Mbukwenyi", na ukikaa nao nusu saa chini ya mti utasikia malalamiko ambayo ungeapa yametoka Ilula.

Hilo ndilo lililonileta. Wakulima wa Dodoma wanajua kulima zabibu za mvinyo mzito. Wana ardhi, jua na miaka zaidi ya sitini ya mazoea. Ambacho hawajakipata ni kulifanya jina la Dodoma liwe mali ya yule aliyezilima. Nadhani watu wa nyanya mtanielewa.

Kwanza tuelewane kuhusu uzito wenyewe. Ukisikia mvinyo unaitwa mzito usidhani umechemshwa ukaganda, wala usidhani ni ule unaolewesha haraka, ingawa kileo kimo na mara nyingi ni kingi, asilimia 13 hadi 15. Mzito ni ule unaojaza kinywa na kubaki baada ya kumezwa. Sehemu kubwa ya hisia hiyo inatokana na tanini, kitu kilichomo kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini mnaijua. Ukiweka majani ya chai ya Mufindi kwenye sufuria ukayasahau jikoni, chai inakuja nyeusi, na ukinywa bila sukari ulimi unakauka na mashavu yanavutwa ndani. Ukakasi ule ule, ukikutana na utamu wa tunda lililoiva na kileo cha kutosha, ndio mwili wa mvinyo mwekundu.

Sasa, karibu zabibu zote nyekundu ukizikamua zinatoa maji meupe. Rangi imo kwenye ganda. Ndiyo maana mtengenezaji wa mvinyo mweupe hukamua na kutupa maganda mapema, na wa mvinyo mwekundu huacha maganda, mbegu na maji vikae pamoja ndani ya tangi siku kadhaa, pengine wiki mbili au zaidi. Chachu inakula sukari na kutoa kileo, joto na hewa ya ukaa. Hewa hiyo inayasukuma maganda juu, yanatengeneza kofia nene, na kofia ikiachwa inakauka na kuharibika. Basi mara mbili tatu kwa siku kuna mtu anaisukuma chini kwa mti, au pampu inavuta maji kutoka chini ya tangi na kuyamwaga juu. Kwa kazi hiyo rangi na tanini vinatoka kwenye ganda na kuingia kwenye mvinyo. Ukiwa na haraka utapata mvinyo mwekundu mwepesi. Ukizidisha utapata kitu kichungu kinachohitaji miaka kulainika.

Kuna hesabu moja ambayo vijana wa sayansi waiandike. Kila gramu 17 hivi za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu hutoa asilimia moja ya kileo. Anayetaka mvinyo wa asilimia 14 bila kuongeza sukari ya dukani anahitaji zabibu zenye gramu karibu 240 kwa lita. Sukari hiyo hutengenezwa na majani, kwa jua, siku baada ya siku, na hapo ndipo Dodoma inapoingia.

Mji wa Dodoma uko kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua yake ni haba, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote inanyesha kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo anga linafunga. Kuanzia Mei hadi Novemba mkulima anaweza asione tone, na udongo wake mwingi ni wa kichanga, mwekundu, unaopitisha maji upesi. Kwa mahindi hiyo ni balaa, na Wagogo wana historia ndefu ya njaa ya kuthibitisha. Kwa mzabibu wa mvinyo ni neema, mradi kuna maji kidogo ya kisima au ya matone. Mzabibu wenye kiu ya kiasi huzaa punje ndogo. Punje ndogo ina ganda jingi kulinganisha na maji yake, na ganda, kama tulivyoona, ndilo lenye rangi na ukakasi.

Wenzetu wa Ulaya wanalima mizabibu kwenye nchi zenye baridi ya kipupwe. Mimea inapukutisha majani, inalala miezi kadhaa, kisha inaamka yenyewe majira ya kuchipua, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma iko nyuzi sita tu kusini ya ikweta. Hakuna kipupwe cha kuulaza mzabibu, kwa hiyo anayeamua uamke lini ni mkulima, kwa mkasi wake. Akipogoa, mzabibu unachipua, na baada ya miezi kama minne zabibu zimeiva. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili: mavuno ya mwanzo wa mwaka, Februari na Machi, na mavuno ya kiangazi, Agosti na Septemba.

Mavuno haya mawili hayalingani, na mtu akikwambia yanalingana huyo anauza kitu. Zabibu za Februari zinaiva katikati ya mvua. Ubwiri unga na ubwiri vinyoya vinashambulia majani, punje zinajaa maji na sukari inashuka. Za Agosti zimeiva kwenye ukame, zikipata jua kali mchana na baridi ya Juni na Julai usiku. Baridi ya usiku inaokoa uchachu wa tunda; bila uchachu huo mvinyo mzito unakuwa kama uji uliosahauliwa chumvi, unajaza mdomo lakini hauna ladha ya kusimamia. Mimi ningeachiwa kuchagua, mvinyo mwekundu mzito wa Dodoma ungetengenezwa kwa zabibu za kiangazi peke yake, na za masika zingekwenda kuliwa mezani, kwenye juisi, au kwenye mvinyo mwepesi wa kunywa mapema.

Na maji yanasababisha kishawishi. Zabibu zinauzwa kwa kilo. Mkulima anayefungulia maji siku chache kabla ya kuvuna ataongeza uzito kwenye mzani na atapunguza uzito kwenye glasi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, walisema wahenga. Mkulima wa zabibu halaumiki sana akifanya hivyo pale ambapo mnunuzi analipa kilo na hapimi sukari. Kifaa cha kupimia sukari ya tunda ni kidogo, kinaenea mkononi, unadondoshea tone moja la maji ya zabibu na kusoma namba. Mnunuzi akilipa zaidi kwa namba kubwa, bomba litafungwa lenyewe.

Historia nitaipitia mbio. Zabibu za Dodoma zinahusishwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia, waliopanda mizabibu Bihawana mwishoni mwa miaka ya 1950. Kanisa linahitaji mvinyo wa altare, na Mwitaliano hata bila altare ni vigumu kumtenganisha na mzabibu. Kutoka misheni mmea ulienda kwenye gereza la Isanga, vijijini na kwenye mashamba ya umma. Kampuni ya mvinyo ya Dodoma, DOWICO, ilizaliwa enzi za mashirika ya umma na kuyumba pamoja nayo. Makutupora, kaskazini mwa mji, kikakaa kituo cha utafiti wa zabibu, ambacho leo kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, na aina ya zabibu nyekundu iliyosambaa kuliko zote Dodoma inaitwa kwa jina la kijiji hicho: Makutupora nyekundu. Ni zabibu ya mkulima. Inavumilia ukame, inazaa sana, ganda lake ni jeusi. Hombolo walikuja Waitaliano wengine miaka ya karibuni, wakaanzisha kiwanda cha CETAWICO na kuingiza aina za majina makubwa, zikiwemo Syrah na Aglianico.

Syrah asili yake ni bonde la mto Rhône, Ufaransa. Mwaka 1998 wanasayansi walichunguza vinasaba vyake wakakuta ni mtoto wa aina mbili zisizo na umaarufu wowote, Dureza na Mondeuse Blanche. Inapenda joto, ina ganda jeusi na inatoa mvinyo wenye harufu ya pilipili manga. Australia wanaiita Shiraz, na kule Naivasha, Kenya, inatengenezewa mvinyo uitwao Leleshwa. Aglianico inatoka kusini mwa Italia, ina tanini ya kutisha na inachelewa kuiva. Nchi ya jua refu inaifaa. Lakini sitaki mtoke hapa mkidhani jina la kigeni ndilo linalotengeneza uzito. Makutupora nyekundu ikipogolewa vizuri, ikapunguzwa vichala, ikavunwa Septemba na kupelekwa kwenye tangi lenye kipoza joto, inatoa mvinyo ambao mtu wa nyama choma hataulalamikia.

Nimetaja kipoza joto makusudi. Chachu ikifanya kazi inatoa joto, na Dodoma mchana lipo jingine la bure. Tangi likivuka nyuzi 35 chachu inaanza kufa, sukari inabaki, bakteria wanaingia, na baada ya wiki una siki. Kuzuia hilo kunahitaji matangi ya chuma yenye maji baridi kuzunguka, na maji baridi yanahitaji umeme usiokatika. Kwa mkulima wa ekari moja kifaa hicho ni ndoto. Basi anafanya nini?

Hapa tumefika kwenye mchuzi.

Dodoma wanaita mchuzi wa zabibu. Ni maji ya zabibu yaliyosindikwa na msindikaji mdogo, yakachachushwa na kuwekwa kwenye matangi, kisha kuuzwa kwa lita kwa kiwanda kikubwa ambacho kitayachanganya, kuyachuja, kuyatia chupani na kubandika nembo. Anayenunua mchuzi hatajwi na aliyeuza, na aliyeuza hatajwi kwenye chupa. Msimu mnunuzi akiutaka, pesa inapatikana. Msimu akisema ghala limejaa, au akipata kwingine kitu cha bei nafuu, mchuzi unabaki kwenye matangi na wakulima wanabaki na zabibu juani. Misimu ya namna hiyo imeripotiwa magazetini na imefika hadi bungeni.

Jamani, nyanya ya Ilula ni zao la miezi mitatu. Bei ikikuvunja Oktoba, Januari unaweza kupanda vitunguu, au mahindi, au usipande kabisa ukaenda kuendesha bodaboda. Mkulima wa zabibu hana uhuru huo. Amechimba mashimo, amesimamisha nguzo, amevuta waya, amesubiri miaka miwili hadi mitatu kabla ya kuvuna chochote cha maana, na mzabibu wake unaweza kuishi miaka thelathini na zaidi. Hawezi kuung'oa kwa sababu ya msimu mmoja. Mnunuzi analijua hilo. Na mavuno yakiiva hayangoji mazungumzo: zabibu zilizokatwa na kuachwa kwenye joto zinaanza kuchacha zenyewe ndani ya siku moja. Mtu mwenye mzigo unaooza akizungumza na mtu mwenye ghala, tunajua nani atapunguza bei. Mmeyaona hayo kando ya barabara hii ya Morogoro, matenga yamepangwa, jua linapanda, na dalali anajifanya ana haraka ya kuondoka.

Nitawapeleka Ufaransa kidogo, halafu tutarudi.

Katika bonde hilo hilo la Rhône kuna kijiji kinaitwa Châteauneuf-du-Pape. Ardhi yake ni kavu, imejaa mawe ya mviringo yanayoshika joto la mchana, na zabibu zake hutoa mvinyo mwekundu mzito kupita kiasi. Leo chupa yenye jina hilo inaheshimika duniani. Zamani haikuwa hivyo. Mvinyo wa hapo ulikuwa ukiuzwa kwa mapipa na kupelekwa kaskazini, Burgundy, kutiwa kwenye mvinyo mwepesi wa huko ili upate nguvu. Mnywaji aliusifia mvinyo wa Burgundy. Aliyeutia nguvu alikuwa mkulima wa kusini asiyejulikana. Kwa maneno mengine, walikuwa wanauza mchuzi.

Baadaye wakaja matapeli waliobandika jina la kijiji kwenye mvinyo usiotoka hapo. Mwaka 1923 wakulima walimwendea mwenzao mmoja mwenye shamba aliyesomea sheria, Baron Le Roy, wakaandika kanuni. Mpaka wa eneo uliwekwa kwa kuangalia ardhi isiyo na rutuba, ile ambayo mimea ya porini ya nchi kavu ndiyo inayoota. Wakataja aina za zabibu zinazoruhusiwa. Wakaweka kiwango cha chini cha kileo, asilimia 12.5, bila kuongeza sukari. Wakalazimishana kuchambua zabibu mbovu na kuzitoa kila mavuno. Walishtakiana, walishinda mahakamani, na mwaka 1935 Ufaransa ikatunga sheria ya nchi nzima kwa mfano wa aina hiyo. Na kwa sababu watu wakishazoea kujitungia sheria hawajui pa kuacha, mwaka 1954 meya wa kijiji alipiga marufuku visahani vya anga za mbali kutua kwenye mashamba ya mizabibu. Inasemekana amri hiyo haijavunjwa hadi leo.

Ninachotaka mkione ni mpangilio. Ukali wa jua lao haukuongezeka mwaka 1923. Mawe yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni kwamba wakulima wenyewe waliamua nani anaruhusiwa kutumia jina lao, na kwa kazi gani. Kanuni zilianza kwa kuwabana wao kabla hazijambana tapeli, na ndiyo maana mahakama iliwasikiliza.

Dodoma ina nusu ya hayo. Serikali yetu katika ushuru wa bidhaa imekuwa ikitoza kiwango cha chini sana kwa mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za ndani, na cha juu kwa ule wa zabibu za nje. Ni hatua ya maana; bila hiyo mvinyo wa Afrika Kusini, ambao umejaa kwenye rafu zetu, ungekuwa umeshatuzika. Lakini ushuru huo unauliza zabibu zimetoka nchi gani. Hauulizi kama zimetoka Mpunguzi au kwingine, zimevunwa kiangazi au masika, zimemwagiliwa jana au la. Jina Dodoma liko kwenye chupa za bei zote na ladha zote. Liko kwenye mvinyo mkavu wa kulia nyama, na mkoa huo huo ndio unaotoa mvinyo mtamu wenye nguvu, ukiwemo Dompo, ambao vijana wanaufahamu kuliko mimi. Sina ugomvi na mvinyo mtamu. Ndio uliowafundisha Watanzania wengi kwamba zabibu zinanyweka. Nasema tu kwamba mteja akilikuta jina moja juu ya vitu vingi visivyofanana, jina linaacha kumwambia lolote.

Kwa upande wa sheria, Zanzibar wametangulia: sheria yao ya mali za viwanda ya mwaka 2008 inatambua alama za kijiografia, yaani haki ya wazalishaji wa mahali fulani juu ya jina la mahali pao. Bara tumezoea Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, ambayo kimsingi ilitungwa kwa nembo za wafanyabiashara. Jina la kampuni na jina la mahali ni vitu viwili. Kampuni ikifilisika au ikiuzwa, jina linaondoka nayo. Mahali hapauzwi.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi kuhusu Dodoma, nalo ni viwanja. Tangu Serikali ihamie huko kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, na manispaa kuwa jiji mwaka 2018, ardhi ya pembeni mwa mji imepanda bei, na Bihawana, Matumbulu na Mpunguzi ndiyo pembeni yenyewe. Shamba la mizabibu linalolipa kwa kusuasua haliwezi kushindana na mnunuzi wa viwanja mwenye fedha taslimu. Zabibu zikilipa kwa jina, mkulima ana sababu ya kukataa. Zisipolipa, wajukuu wetu watasoma kwamba Matumbulu na Bihawana kulikuwa na mashamba.

Sasa turudi Ilula.

Swali ambalo mmoja wenu atauliza nalijibu kabisa: tupande zabibu hapa? Hali ya hewa ya maeneo ya chini, kule Mtandika na Ruaha Mbuyuni, ni ya joto na ukame, na mzabibu ungeota. Ushauri wangu ni kwamba msikimbilie. Mnayo mazao mawili mnayoyajua usingizini, nyanya na vitunguu, na mzabibu ungewafunga miaka thelathini kwenye soko ambalo hata Dodoma hawajalitengeneza. Anayetaka kujaribu apande mistari michache kwa ajili ya kula na kujifunza kupogoa. Kuiga mmea ni rahisi. Cha kuiga kwa watu wa mvinyo ni utaratibu.

Angalieni mlichonacho. Sokoni Dar es Salaam muuzaji akitaka kusifia nyanya zake anasema ni za Ilula, hata kama zimetoka kwingine. Mmeshinda vita ngumu. Mwaka 2014 alipoingia nchini yule mdudu mliyempa jina kanitangaze, wengi walidhani nyanya imekwisha, na bado mnalima. Sifa iko, lakini haiko popote kwenye karatasi. Tenga halina jina, na chupa ya sosi inayotoka kwenye nyanya zenu haisemi Ilula. Wilaya hii hii ya Kilolo ina jina lililofika kwenye rafu za nchi nzima, Dabaga, na sosi ya Dabaga inajulikana na watu wasiojua kama Dabaga ni mahali. Nawapongeza waliolifikisha huko. Kwa mkulima, hata hivyo, nembo ya kampuni haimpi kauli juu ya kiwango wala bei.

Mnao pia ulanzi. Wageni wanaotaka kujua mvinyo wa Iringa tuwaambie ukweli kwamba ndio huu, unaogemwa masika kwenye machipukizi ya mianzi, asubuhi na jioni, kwa mbeta. Asubuhi ni mtogwa, mtamu, hata mtoto anaonja. Kesho yake ni mkangafu, na mzee anatafuta njia ya kwenda nyumbani. Tatizo la ulanzi ni kinyume cha tatizo la mvinyo. Mvinyo mzito una tanini, kileo na uchachu vinavyouhifadhi, kwa hiyo unaweza kungoja bei. Ulanzi hauwezi kungoja hata gari. Anayeweza kuuza mvinyo wake mwaka ujao ana nguvu ambayo mgema hana, na ambayo mkulima wa nyanya mbichi hana. Nguvu hiyo inakaa kwenye tangi, kwenye pipa, kwenye mtambo wa kukausha au kusaga. Ndiyo maana kiwanda kidogo cha pamoja karibu na shamba kina thamani kuliko kikubwa kilichoko mbali, hata kama cha mbali kinatoa bei nzuri msimu wa kwanza. Ila kiwanda kidogo bila kanuni za ubora kitazalisha mchuzi tu, wa zabibu au wa nyanya, na mchuzi hununuliwa na mwenye chupa.

Kwa hiyo nina ombi kwa vyama vyenu vya ushirika na kwa Halmashauri ya Kilolo. Chagueni wakulima wachache, wanawake kwa wanaume, na mmoja wenu anayejua kuandika vizuri. Wakati wa mavuno ya Agosti wapande basi la Mtera waende Bihawana, Mpunguzi, Makutupora na Hombolo. Kuonja si lazima. Waangalie mzani unavyosomwa, nani anapima sukari, mkataba unaandikwa lini, kabla ya kupogoa au baada ya kuvuna, na tangi la wakulima wadogo ni mali ya nani. Wakirudi waitishe mkutano hapa hapa, kisha mwandike kanuni zenu wenyewe za nyanya inayostahili kuitwa ya Ilula: aina, ukomavu, siku za kuacha dawa kabla ya kuchuma, na ujazo wa tenga. Ukurasa mmoja unatosha kuanza, na upelekwe kwa mwanasheria wa halmashauri kabla ya mvua za Desemba.